Kumshika mkono mtoto mwenye aibu wa familia ya wahamiaji: mwongozo kamili tangu siku ya kwanza hadi ya kuagana

Kila anayekabidhiwa mtoto wa namna hii, iwe kupitia shule au kikundi cha kujitolea au jirani tu kaomba, anauliza swali lilelile: nifanyeje aongee? Nimeshajibu wengi na jibu langu halijabadilika, kuongea weka pembeni kwanza. Mtoto aliyehamia nchi nyingine na wazazi wake anadaiwa maneno kutwa nzima, mwalimu anasikiliza kama ametamka sawa, wenzake wanasubiri akosee wacheke, akirudi nyumbani anaulizwa hii barua imesemaje, sasa na wewe ukija na saa yako moja ya wiki ukaanza kumvuta maneno unakuwa umejipanga kwenye foleni ileile ya wadai. Miezi ya mwanzo kazi yako ni awepo mtu mmoja tu kwenye maisha yake asiyemdai kitu. Maneno yatakuja, na nitaeleza yanakujaje.

Hatua ya 1: Jiulize kama kweli utakaa

Hii watu wanairuka kwa sababu wana moyo mzuri na wanataka waanze kesho. Usiiruke tafadhali. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walitoa utafiti kuhusu vijana waliounganishwa na walezi wa kujitolea, wakakuta waliodumu na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndo waliofaidika zaidi, ila wale ambao uhusiano ulikatika ndani ya miezi 3 walishuka namna wanavyojithamini, yaani wengine ilikuwa afadhali wasingepewa mtu kabisa. Sasa chukua mtoto ambaye ameshaachana na bibi yake, na rafiki zake, na chumba alichozoea, halafu wewe unakuja anakuzoea wiki nane unapotea. Umemwongezea mtu mwingine wa kumkosa.

Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo fungua kalenda. Siku ileile, saa ileile, mwaka mzima. Kama kazi yako ni ya zamu zinazobadilika basi sema mara mbili kwa mwezi, lakini hizo mbili ziwe za uhakika, ni bora kuliko nne za kubahatisha. Na ikitokea dharura mjulishe mtoto mwenyewe pia kupitia mzazi, sio mzazi pekee, kwa sababu mtoto wa aina hii akikukosa siku moja bila maelezo haulizi, anajijibu mwenyewe, na jibu analojipa ni kwamba amekuchosha.

Upande wa usalama sitarefusha: fomu jaza, ukaguzi wa rekodi zako ukubali, sheria za kulinda watoto za pale ulipo zijue. Kaeni mahali watu wanapita na kuwaona, maktaba, ukumbini, sebuleni mlango ukiwa wazi. Usimpakie kwenye gari bila ruhusa ya wazazi, usichati naye kwa siri, na zawadi kubwa kubwa acha kabisa.

Hatua ya 2: Ujue ni ukimya gani ulio nao mbele yako

Hapa tukae kidogo maana kosa la hapa linaharibu kila kitu kinachofuata. Ukimya wa mtoto aliyehamia hauko wa aina moja, na mara nyingi zinachanganyika.

Kuna mtoto mpole kwa asili. Huyu hata kule alikotoka alikuwa anajificha nyuma ya mama yake wageni wakija, na hana ugonjwa wowote, anahitaji muda wa kuzoea tu.

Kuna kipindi cha ukimya cha mtu anayejifunza lugha mpya. Mtoto akiingia kwenye lugha asiyoijua anaweza kukaa wiki kadhaa, wengine miezi sita au zaidi, haongei lugha ile kabisa ila anasikiliza, anakusanya, kichwa kinafanya kazi kubwa sana wakati mdomo umefungwa. Ukimwangalia vizuri utaona anafuata maelekezo, anacheka mahali pa kucheka, saa nyingine anatikisa midomo bila sauti. Huyo anajifunza, tena sana.

Halafu kuna hali ambayo wataalamu wanaiita selektivu myutizimu, yaani ukimya wa kuchagua, ambapo mtoto anaongea vizuri kabisa sehemu moja, mfano nyumbani, ila sehemu nyingine kama shuleni sauti inakataa kutoka. Jina lenyewe linapotosha, hajachagua, ni woga unaomkaba. Mara nyingi inaanza kabla ya miaka 5. Kuitofautisha na kipindi cha ukimya kuna swali moja zuri: je, akikutana hapo shuleni na mtoto mwingine wa lugha yake, anaongea naye? Kama anaongea, elekea kwenye suala la lugha. Kama hata kwa lugha yake mwenyewe hatoi neno hapo, na hali imeendelea zaidi ya mwezi mmoja na sio ule mwezi wa kwanza tu wa kuanza shule, basi aonwe na mtaalamu wa watoto.

Na kuna ukimya wa mtoto aliyeona mambo. Vita, safari mbaya, mzazi aliyebaki nyuma. Dalili zake ni kushtuka ovyo, kutolala, kurudi kwenye tabia za utoto mdogo, kuchorachora kitu kilekile kibaya. Sio kazi yako kulifungua hilo, wewe liripoti kwa anayehusika na uendelee kuwa mtu wa kawaida kwake.

Hatua ya 3: Anza na wazazi

Ukiwapita wazazi ukaenda moja kwa moja kwa mtoto umeshajikwaa. Weka kikao cha nusu saa nao, na kama lugha inagoma tafuta mkalimani mtu mzima. Mtoto asikalimani kikao kinachomhusu yeye mwenyewe, atasikia anavyojadiliwa kama tatizo, na atalazimika kuwatafsiria wazazi wake maneno ambayo hata mtu mzima yangemshinda.

Waeleze wewe ni nani, na la muhimu zaidi, wewe si nani. Familia nyingi zilizohama zina woga na watu wenye mafaili, mtu akija na daftari anauliza maswali wanafikiri ametumwa na serikali au amekuja kuwachunguza kama wanafaa kulea. Kwa hiyo siku hiyo daftari liache nyumbani. Usiulize mlifikaje, usiulize vibali, usiulize mtarudi lini. Uliza haya: mnamwitaje nyumbani? Jina lake linatamkwaje? Anapenda nini akiwa peke yake? Akiogopa huwa anafanyaje? Anaongea na nani kwa uhuru?

Jina nalitilia mkazo. Lirudie jina la mtoto mbele ya mama mpaka akubali umelipata, hata kama ni mara kumi. Watoto wengi wa hivi wameshakatiwa majina shuleni ili wengine wasisumbuke, na mtu mzima wa kwanza kulitamka sawasawa anakumbukwa.

Wasikilize pia wao wanataka nini. Kuna wazazi wanaona mtoto kunyamaza mbele ya wakubwa ni adabu, na wewe ukija na habari za kumfanya ajiamini wanasikia unataka kumharibia heshima. Hamna haja ya kubishana. Sema tu unataka aweze kuomba msaada akikwama, aweze kusema kitu kinapomuuma, hilo hakuna mzazi atakayelikataa.

Hatua ya 4: Vikao vya mwanzo, mikono kazini na mdomo umepumzika

Msikae mkitazamana. Kaeni ubavu kwa ubavu, macho yote kwenye kitu kilicho mezani, kuchora, kukata makaratasi, kujenga kwa maboksi, karata, fumbo la picha, kupanda mbegu kwenye kopo. Kitu ambacho kinaweza kwenda saa nzima bila neno na bado kikao kikawa kimefana. Mwache achague mwenyewe kwa kidole, weka viwili mezani umwache anyooshe.

Punguza maswali, ongeza maelezo ya unachofanya. Badala ya “unachora nini?” sema “mimi nachora nyumba, naona paa langu limepinda.” Swali linadai jibu, maelezo hayadai, yeye anaweza kuyachukua au kuyaacha. Mtoto mmoja wa miaka 9 nilikaa naye wiki sita hajaniambia hata moja, wiki ya saba nilikuwa nabandika matairi kwenye lori la boksi nikaweka matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, nikasema mwenyewe tu “haya, gari limekamilika,” akaliangalia, akaliangalia tena, akavuta mkasi, akakata duara moja taratibu huku ametoa ncha ya ulimi, akaligundisha pale lilipopungua, ndo akasema “sita.” Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hilo, na lilitoka kwa sababu lori lilikuwa limekosewa, mimi sikuwa nimeuliza kitu.

Nilichofanya hapo nataka ukishike: nilisema “kweli, sita” nikaendelea kubandika. Sikushangilia. Ukimpigia makofi mtoto mwenye aibu kwa sababu ameongea unamwambia kwamba ulikuwa unasubiri, kwamba macho yote yalikuwa mdomoni kwake, na wiki inayofuata hataongea.

Ukiuliza swali, subiri. Mwalimu na mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alipima miaka ya 1960 na 1970 akakuta walimu wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde 1 tu au chini ya hapo, na waliposubiri sekunde 3 au zaidi majibu yakawa marefu na watoto waliokuwa kimya darasani wakaanza kuchangia. Sasa huyu wako anasikia swali kwa lugha moja, analigeuza, anatafuta jibu, analigeuza tena, halafu anapima kama litachekesha watu, sekunde 3 hazimtoshi. Mimi nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi huku naangalia mikono yangu. Inachosha mwanzoni, unahisi uzito kifuani, unatamani ujaze pengo. Usilijaze.

Hatua ya 5: Ngazi ya maneno, kidato kwa kidato

Baada ya kama mwezi mmoja au miwili, akiwa anakuja bila kuvutwa na mama yake, anza kuweka ngazi. Kidato cha chini ni kutikisa kichwa na kunyoosha kidole. Juu yake ni kuchagua, “nyekundu au bluu?”, neno tayari umeshampa mdomoni, yeye analirudia tu. Halafu neno moja la kwake. Halafu kunong’ona, na kunong’ona kuhesabike kama kuongea kabisa, usimwambie paza sauti. Halafu sentensi fupi. Halafu sentensi ikiwepo mtu wa tatu mezani.

Kaa kwenye kidato mpaka akizoee, akirudi nyuma rudi naye. Atarudi nyuma baada ya likizo, baada ya kuugua, baada ya siku mbaya shuleni, ni kawaida.

Makosa ya lugha usiyasahihishe moja kwa moja. Akisema sentensi mbovu wewe ijibu kwa kuirudia ikiwa imenyooka ndani ya jibu lako, kama vile umeielewa tu na mnaendelea. Atasikia.

Niseme kosa langu, maana ningependa usilirudie. Binti wa miaka 11, tumefika kidato cha sentensi, ananisomea kurasa nzima kwa sauti ya chini, nikafurahi mno nikakubali pale shuleni kwake waliponiomba asome mistari minne mbele ya wazazi siku ya sherehe. Sikumuuliza yeye vizuri, nilimuuliza akiwa na mwalimu pembeni, na mtoto wa hivi akiulizwa mbele ya mwalimu anatikisa kichwa ndiyo kwa kila kitu. Alipanda pale, karatasi inatetemeka mpaka nasikia inavyopiga kelele nikiwa mstari wa pili, hakutoa neno, akashuka. Tulirudi kwenye kunyoosha kidole kwa mwezi na zaidi. Tangu siku hiyo jambo lolote la hadharani naliuliza tukiwa wawili, na nampa na njia ya kukataa, namwambia “weka jibu lako kwenye karatasi ulete wiki ijayo, hapana ni jibu zuri pia.”

Hatua ya 6: Lugha ya nyumbani ibaki

Utasikia watu, hata wenye elimu, wanawaambia wazazi muongee naye lugha ya hapa tu nyumbani ili aizoee haraka. Usiwe mmoja wao. Mzazi anayelazimishwa kulea kwa lugha asiyoimudu anaishia kutoa amri fupi fupi, kaa, kula, lala, na mtoto anapoteza hadithi, utani, maonyo, yote ambayo mzazi anayaweza kwa lugha yake tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 29, unasema wazi elimu imkuze mtoto katika kuwaheshimu wazazi wake na utamaduni na lugha yake mwenyewe.

Na kuna jambo walimu wengi linawapiga chenga. Jim Cummins wa Canada alionyesha tangu 1979 kwamba lugha ya kuongea na wenzako uwanjani na lugha ya vitabuni ni vitu viwili, ile ya kwanza mtoto anaishika kwa kama miaka 2, ya pili inaweza kumchukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzake. Kwa hiyo mtoto wako akianza kupiga stori vizuri halafu bado anafeli mtihani wa sayansi, asiambiwe mvivu. Msaidie na maneno ya vitabuni, hayo ya “linganisha”, “eleza sababu”, “kadiria”, mwache ayaandike kwa lugha zote mbili kwenye kijidaftari chake.

Njia nzuri kuliko zote ninazozijua ya kumfungua mtoto ni kugeuza kiti, yeye awe mwalimu. Mwombe akufundishe kuhesabu mpaka kumi kwa lugha yao. Yule binti wa miaka 11 ndo tulivyofufukia. Namba ya nne kwao ina sauti ambayo ulimi wangu hauna, kila nikijaribu inatoka nyingine, akawa ananionyesha kwa kidole niweke ulimi wapi, amefungua mdomo wazi kabisa, mtoto ambaye mwezi mzima alikuwa anafunika mdomo kwa kiganja. Akasema “tena.” Nikarudia. “Tena.” Alikuwa mkali kweli. Aliona mtu mzima anakosea mara ishirini na haoni aibu, na wiki iliyofuata tukaendelea.

Hatua ya 7: Mtoe nje taratibu

Lengo si wewe, usije ukawa rafiki yake pekee. Anza na mtoto mmoja tu, sio kundi, mpole mwenzake ikiwezekana, na muwe na kitu cha kufanya kinachohitaji watu wawili. Kaa nao mara ya kwanza, mara ya pili sogea meza ya pembeni.

Mfundishe na sentensi za kujiokoa, mzizoeze mpaka zitoke zenyewe: “Sijaelewa, naomba rudia.” “Nahitaji kwenda chooni.” “Naomba nicheze na nyie.” “Acha, sipendi.” Zichezeni kama maigizo, wewe uwe mtoto yeye awe mwalimu, halafu mbadilishane. Usidharau ile ya choo, kuna watoto wanakaa na haja mchana kutwa kwa kukosa sentensi moja.

Ongea na mwalimu kwa ruhusa ya wazazi. Mwombe vitu vidogo vinavyowezekana: asimwite ghafla kujibu, amwambie mapema swali atakaloulizwa kesho, amkalishe karibu na mtoto mtulivu, akubali kadi ya kuinua badala ya sauti. Mwalimu mwenye darasa kubwa hana muda wa hotuba yako, mpe mawili tu achague.

Halafu lile la ukalimani. Watoto hawa ndo wanaotafsiri hospitalini, benki, kwenye ofisi za vibali, na baadhi yao wanajivunia, sio vibaya akisoma tangazo la dukani. Ila habari za ugonjwa, deni au kesi asipewe abebe yeye. Ukiona hivyo wasaidie wazazi watafute mkalimani, hospitali na mahakama nyingi wanao ukiomba, watu hawajui tu kama inaombwa.

Hatua ya 8: Akikwambia jambo zito

Itafika siku atasema kitu, kwa kawaida mkiwa mnakunja vifaa mnaondoka, kwa sauti ya chini kana kwamba anaongelea hali ya hewa. Anapigwa, anaonewa, kuna mtu anamgusa, baba analia usiku. Usiahidi siri. Sema “asante kuniambia, umefanya vizuri, hili nitahitaji kumwambia mtu anayeweza kusaidia,” umtajie ni nani, halafu uende ukaripoti siku hiyohiyo kwa msimamizi wa kulinda watoto. Usimhoji, usiandike hadithi yako, andika maneno yake kama alivyoyasema.

Hatua ya 9: Kuagana

Familia zilizohama huhama tena, na wewe pia unaweza kupata kazi mbali, kwa hiyo mwisho uandaliwe. Mwambie wiki sita au nane kabla, sio siku ya mwisho, na muweke kalenda ukutani mkate siku pamoja. Anaweza kununa, anaweza kuacha kuongea tena, anaweza kusema haji. Wewe nenda na ukae pale kwa saa yako yote hata asipokuja, aje asikie kwamba ulikuwepo.

Kikao cha mwisho kisiwe sherehe. Fanyeni kile mnachofanya kila wiki, mezani palepale, vifaa vilevile, halafu vile mlivyotengeneza aondoke navyo yeye. Na kama ulimwahidi barua au simu, sema tarehe, iandike kwenye kijidaftari chake mbele yake, na siku hiyo isikupite.